Maji ya kijani na mtego wa mrututu

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Leo, msomaji mpendwa, ningependa tuzungumze juu ya maji ambayo tunayafika kila siku, tunayachota, tunawanywesha ng'ombe na kuyanyunyizia sukuma wiki, na ambayo hata hivyo wengi wetu hatuyajui. Ni maji yaliyogeuka kijani.

Kama wewe ni mwenyeji wa Nyeri, Karatina, Nanyuki au Kerugoya, bila shaka umeyaona. Mito yetu huteremka kwa kasi kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na maji yake ni baridi na maangavu. Lakini hebu ondoka mtoni uende kwenye maji yaliyotulia: vidimbwi vya kuvunia maji ya mvua kule Kieni, mabwawa ya vijiji, au vidimbwi vya samaki vya Tetu na Mukurwe-ini. Ifikapo Januari na Februari, jua linapowaka na upepo ukatulia, baadhi ya maji hayo huvaa utando mzito wa kijani, mfano wa rangi ya kupaka nyumba iliyomwagika.

Wengi husema ni uchafu tu, utaondoka mvua ikinyesha. Watoto waliotoka Nairobi kuja kuwatembelea nyanya na babu huvua mashati wakajitosa ndani. Ng'ombe naye huinamisha kichwa akanywa. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Adui asiyeonekana

Utando huo ni mkusanyiko wa mamilioni ya vijidudu viitwavyo sianobakteria. Vitabu vya zamani vya shule viliviita mwani wa kijani-buluu, kwa kuwa hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Kwa hakika ni jamaa ya bakteria, na ni miongoni mwa viumbe wakongwe zaidi duniani. Ndivyo vilivyoanza kuijaza hewa yetu oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Ndege aina ya heroe, wanaoyafanya maziwa ya Nakuru na Bogoria yawe ya waridi, hutegemea aina moja ya vijidudu hivi kama chakula chao kikuu. Kwa hivyo si kila sianobakteria ni mbaya.

Lakini katika ukoo huo wamo wenye sumu. Kuna sumu inayoharibu ini, kuna inayoshambulia neva hata mnyama akashindwa kupumua, na kuna inayowasha ngozi na macho. Huko huko Bogoria, wachunguzi walikuta sumu za namna hiyo katika matumbo ya heroe waliokufa. Wala jambo hili si jipya. Mnamo 1878 mwanasayansi George Francis aliandika kuhusu ziwa Alexandrina la Australia, ambako kondoo, farasi, mbwa na nguruwe walikunywa maji yenye utando wa kijani wakafa, wengine baada ya saa chache tu.

Kwa binadamu, aliyeogelea humo anaweza kupata upele, kutapika au kuharisha. Aliyekunywa kwa wingi anaweza kuumia ini. Mtoto yumo hatarini kuliko mtu mzima, kwa sababu mwili wake ni mdogo na akiogelea humeza maji mengi.

Vijidudu hivi vina hila mbili. Kwanza, aina nyingi zina vijifuko vya hewa mwilini, hivyo huelea juu na kujipatia mwanga huku mimea mingine ya majini ikibaki gizani chini. Pili, baadhi yao huweza kuchukua nitrojeni hewani, hivyo hata maji yakikosa mbolea hiyo wao hawafi njaa. Wanachopenda ni joto, utulivu na chakula. Mto Gura hauwapi utulivu. Kidimbwi nyuma ya boma huwapa vyote vitatu.

Kikao cha familia

Kwetu nyumbani, sehemu za chini za Mukurwe-ini, tunacho kidimbwi cha namna hiyo. Kilichimbwa wakati serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi mwaka wa 2009, vidimbwi vya samaki vikachimbwa katika maeneobunge mengi nchini, kila kimoja cha mita 300 za mraba. Samaki walifugwa misimu michache, kisha wakaisha. Kidimbwi kikabaki. Kikawa cha kunyweshea ng'ombe, kumwagilia mboga, na kwa wajukuu wa mama yangu kikawa pwani yao.

Mwaka mmoja, kiangazi kikiwa kikali, kiligeuka kijani. Ilikuwa imebaki wiki moja wajukuu waje. Ng'ombe anayekunywa pale ndiye anayelipa karo ya mdogo wangu wa mwisho. Basi tukaketi chini ya mwembe: mama, baba mdogo, kaka yangu na mimi.

Baba mdogo ni mkulima wa kahawa tangu ujana wake. Kwake jawabu lilikuwa tayari ghalani: mrututu. "Hiki ndicho kinachoua ukungu wa kahawa," alisema. "Tutie mifuko miwili, kesho kutwa maji yatakuwa meupe."

Usimcheke, msomaji. Baba mdogo hakuwa akibahatisha. Mrututu, yaani chumvi ile ya buluu itokanayo na shaba, huua sianobakteria kweli kweli. Umetumiwa duniani kwa zaidi ya miaka 100 kusafisha mabwawa ya maji ya kunywa. Kila mkulima wa kahawa anaufahamu, na bei yake si ya kutisha. Ni dawa inayofanya kazi, na hapo ndipo penye mtego.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na nyumbani huitwa hivyo hivyo, mwalimu. Nikamwomba baba mdogo ruhusa niseme neno. Nikawasimulia habari za kisiwa cha Palm Island, huko Queensland, Australia.

Mnamo 1979 wenyeji wa kisiwa hicho walilalamika kwamba maji ya bwawa lao la Solomon yalikuwa na harufu na ladha mbaya kwa sababu ya mwani. Wakuu wa maji wakatia mrututu. Vijidudu vikafa, kama ilivyotarajiwa. Haikupita muda mrefu, wagonjwa wakaanza kumiminika hospitalini. Walikuwa wakitapika, ini limevimba, na baadaye wengine wakaanza kuharisha damu. Kwa jumla watu wapatao 150 waliugua, na karibu wote walikuwa watoto. Mwanzoni ugonjwa huo haukuwa na maelezo. Baadaye ndipo ilipobainika kwamba katika bwawa lile mlikuwa na aina ya sianobakteria yenye sumu.

Kwa nini dawa ilileta maafa? Fikiria kijidudu kimoja kuwa kifuko kilichoshonwa vizuri, na sumu imo ndani. Kikiwa hai, sehemu kubwa ya sumu hukaa mle mle. Mrututu hukipasua kifuko. Utando hutoweka, maji huonekana safi, lakini sumu yote sasa imeyeyuka majini, tayari kunywewa. Jana maji yalikuwa yakikuonya kwa rangi na harufu. Leo yanakutabasamia. Isitoshe, shaba yenyewe hubaki katika tope la chini mwaka baada ya mwaka, nayo huua samaki na wadudu ambao ndio walaji wa mwani wa kawaida. Zaidi ya hayo, chakula kilichowaleta vijidudu hakijaondolewa, hivyo msimu ujao watarudi.

Baba mdogo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kalamu haiui ukungu. Kama si mrututu, tufanye nini?" Lilikuwa swali la haki.

Kuchemsha hakusaidii

Kabla sijajibu, mama naye aliuliza lililo moyoni mwa kila mama: "Si tutayachemsha?"

Tumefundishwa tangu utotoni kwamba maji yakichemka yamekuwa salama, na kwa kipindupindu au homa ya matumbo ni kweli, maana pale tunaua kiumbe hai. Lakini sumu hizi si kiumbe. Nyingi haziharibiki kwa moto wa jikoni. Ukichemsha unavipasua vijidudu, unamwaga sumu yao, na maji yanapopungua kwa mvuke sumu inazidi kukolea.

Mwezi wa Agosti 2014 wakazi wa mji wa Toledo nchini Marekani, karibu nusu milioni, waliamka wakaambiwa wasinywe maji ya mfereji na wasiyachemshe. Utando wa kijani katika ziwa Erie ulikuwa umeingiza sumu katika mitambo yao. Ikiwa mji wa nchi tajiri ulilazimika kupanga foleni ya maji ya chupa kwa siku kadhaa, sembuse kijiji?

Kisa cha kuhuzunisha zaidi ni cha mji wa Caruaru, Brazil, mwaka wa 1996. Katika kituo kimoja cha kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, maji yaliyotumiwa katika mashine yalikuwa na sumu ya sianobakteria kutoka bwawa fulani. Zaidi ya wagonjwa 50 walikufa kwa kuharibika ini. Baada ya hapo, mwaka wa 1998, Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo cha tahadhari kwa sumu ijulikanayo zaidi, maikrosistini: maikrogramu 1 tu katika lita ya maji ya kunywa. Hapo awali hapakuwa na kipimo chochote.

Mitambo mikubwa ya maji inaweza kuivuka hatari hii. Kwanza huondoa vijidudu vikiwa vizima kwa kuvigandisha na kuvichuja katika mchanga, kisha hutumia makaa maalumu na klorini ya kutosha kumaliza sumu iliyobaki. Ile chupa ndogo ya klorini tunayotilia matone katika mtungi ilikusudiwa bakteria wa kawaida. Usiitegemee kwa maji ya kijani.

Anayelisha ni nani?

Sasa nije kwa swali la baba mdogo. Ukitaka kumfukuza mgeni asiyetakikana, acha kumwandalia meza. Chakula kinachowavuta wageni hawa kuliko vyote ni fosforasi.

Mnamo 1973 watafiti wakiongozwa na David Schindler waligawanya ziwa moja dogo huko Ontario, Canada, kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na nitrojeni. Upande wa pili walitia hizo hizo pamoja na fosforasi. Upande wa pili uligeuka kijani, wa kwanza ukabaki kama ulivyokuwa. Picha iliyopigwa kutoka angani, upande mmoja mweusi kwa wangavu wake na mwingine kijani, ilimaliza ubishi wa miaka mingi.

Je, fosforasi yetu inatoka wapi? Twende pole pole. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP una takriban kilo 10 za fosforasi. Kilo moja tu ikifika majini inaweza kulisha mwani wa mamia ya kilo. Mbolea hiyo hushikamana na udongo, hivyo mvua ya Aprili inapochukua udongo wa shamba lisilo na matuta, inachukua na mbolea. Kumbuka kwamba mwaka wa 2022 mfuko huo ulipita Sh6,000. Tunanunua kwa bei ya juu, tunalisha utando wa kijani bila malipo. Ongeza samadi ya zizi, maji ya viwanda vya kumenyea kahawa, vyoo vilivyo karibu na mito, maji ya kufulia nguo na maji taka ya miji inayokua.

Nilipowaonyesha wenzangu tulipojenga zizi, hapakuwa na haja ya hotuba. Zizi liko juu, kidimbwi kiko chini, na mfereji unaotoka zizini unaingia kidimbwini moja kwa moja. Ng'ombe ndiye aliyekuwa akiwapikia.

Wala habari haiishii kwetu. Chania yetu ya Nyeri, Gura, Ragati na Sagana yote huishia katika mto Tana. Maji hayo hufika katika bwawa la Masinga, lililoanza kazi mwaka wa 1981 na lenye upana wa kilomita za mraba zipatazo 120. Pale maji yaliyokuwa yakikimbia husimama na kupata joto. Udongo na fosforasi tuliyopoteza milimani hutua. Wanasayansi waliochunguza Masinga wamevikuta vijidudu hivi. Na kutoka bwawa hilo huvutwa maji yanayopelekwa Kitui. Kwa hivyo mwenzetu wa Ukambani hunywa kutoka kikombe ambacho sisi tumeshatangulia kukitia mkono.

Kama unataka kuona mambo yanavyoweza kuharibika, tazama Ghuba ya Winam kule Kisumu, ambako maji ya Ziwa Victoria huwa mazito kama uji wa kijani, na sumu ya maikrosistini imepatikana humo. Watu wa pale ziwani huhangaika kuchuja kile ambacho mito imewaletea kwa miaka mingi.

Njia zilizopo

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unatibika. Mji wa Seattle, Marekani, uliacha kumwaga maji taka katika ziwa Washington kati ya 1963 na 1968, na katika miaka michache ziwa lililokuwa likinuka likarudi kuwa angavu. Huko Amsterdam, tangu 1993, ziwa la Nieuwe Meer limesaidiwa kwa kupuliziwa hewa kutoka chini ili maji yachanganyike, vijidudu visipate utulivu wa kuelea. Mahali pengine hutumia udongo maalumu unaoikamata fosforasi na kuilaza chini. Uingereza walijaribu mabua ya shayiri yakioza majini. Nasi tunayo shayiri, huko Timau. Lakini mabua hayo hayaui utando uliokwisha kujitokeza. Huzuia tu usianze, na mara nyingine hata hayafanyi hivyo.

Kwa mwananchi wa kawaida, dawa iliyo bora ni jembe. Matuta ya fanya juu, majani ya nepia kando ya kijito, na ukanda usiolimwa kati ya shamba na maji. Tangu 2015 Hazina ya Maji ya Tana ya Juu imekuwa ikiwasaidia wakulima wa mabonde ya Sagana-Gura kufanya hayo hayo, kusudi udongo ubaki shambani. Mkulima anabaki na mbolea yake, na Masinga hupata tope kidogo.

Sisi tulifanya hivi. Siku ile ile tuliweka ua wa miti kuzunguka kidimbwi, ng'ombe akapewa maji ya mfereji katika karai hata kama ilikuwa gharama. Mboga za majani hatukuzinyunyizia maji yale tena. Wajukuu walipofika waliambiwa sababu, wakanuna, wakatii. Hatukutia kitu chochote majini. Tuliyaacha mpaka utando ulipokwisha wenyewe, na hata hapo tukangoja wiki kadhaa zaidi. Baba mdogo ndiye aliyechimba mtaro wa kugeuza maji ya zizi yaende kwenye migomba. Kiangazi kilichofuata tuliteka tope la chini, ambalo ndilo ghala la fosforasi, tukalipeleka mbali, juu ya shamba la nepia. Ilikuwa kazi ya mgongo. Maji hayajawa kioo, lakini utando ule haujatuvamia tena.

Neno kwa wa mjini

Labda wewe unaishi ghorofani na huna zizi. Hata hivyo watoto wako watakwenda mashambani Agosti au Desemba. Wafundishe ishara: maji yanayofanana na rangi iliyomwagika au supu ya ndengu, yenye harufu ya uvundo, na samaki au vyura waliokufa ukingoni. Hayo si ya kuogelea, si ya kunywa, wala mbwa asiyarambe. Aliyeguswa nayo aoge kwa maji safi mara moja. Akitapika au macho yakiwa manjano, mpeleke hospitalini na umwambie daktari habari ya maji hayo.

Wanafunzi nao wanaweza kufanya jaribio rahisi. Vaa glavu, teka maji katika chupa ya kioo, usiijaze kabisa, iache kivulini usiku kucha bila kuitikisa. Kijani kikijikusanya juu kama malai, kuna uwezekano mkubwa ni sianobakteria. Kikizama chini, huenda ni mwani wa kawaida. Ukipitisha kijiti na kikatoka na nyuzi ndefu kama nywele, huo aghalabu ni mwani usio na madhara. Jaribio hili halipimi sumu, hivyo ukishuku, kaa mbali na umjulishe afisa wa maji au wa afya.

Hayati Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 2004 aliwasimulia walimwengu juu ya kijito cha utotoni mwake, alikokunywa maji na kujaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga. Kijito hicho kilikauka. Alilia udongo na miti, nasi tulidhani habari za udongo ni moja na za maji ni nyingine. Kumbe udongo unaotuacha shambani ndio huo huo unaotungojea kidimbwini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua za masika hazisubiri mtu, na mfereji wa zizi unaweza kugeuzwa kwa jembe moja na asubuhi moja. Jumapili hii, ukipiga simu nyumbani, baada ya kuuliza hali ya wazee na mifugo, waulize pia maji ya zizi yanaelekea wapi. Na wakikuambia wana mrututu tayari, waombe waubakishe kwa kahawa.